Kadi Isiyosomeka Si Kadi Batili: Nyaraka za Visoma Kadi Zipitiwe Kabla ya Vifaa Kufika Mpakani

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Huduma nyingi ambazo mwananchi wa Mtwara alizifuata zamani akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji na picha mbili ndogo, leo zinaanzia kwenye kadi, chipu na alama ya kidole. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 31, 2018. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na Namba ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20 ikawa sharti la kumiliki laini. Kadi za benki nazo zimehama kutoka kwenye mstari wa sumaku kwenda kwenye chipu. Hatua hizi zote zilitangazwa, zikajadiliwa na wananchi wakazizoea.

Lipo jambo moja ambalo halitangazwi, kwa kuwa linaonekana kuwa la mafundi peke yao. Kati ya kadi ya mwananchi na kompyuta ya ofisi kuna kifaa kidogo kinachoitwa kisoma kadi, na kati ya kifaa hicho na kompyuta kuna programu inayoviwezesha kuelewana. Programu hiyo ni programu kiendeshi, ambayo mafundi wengi huiita draiva. Kiendeshi huja na nyaraka zake: namna ya kukisimika, vifaa na mifumo kinayokubaliana nayo, na maana ya kila ujumbe wa hitilafu kinaoutoa. Makala haya yanaeleza kwa nini nyaraka hizo zinapaswa kupitiwa kwa makini kabla ya kifaa kununuliwa, na kwa nini suala hilo linamgusa mkazi wa Msimbati, Mahurunga au Kilambo kuliko anavyoweza kudhani.

Hapana tatu zenye sura moja

Tuchukue mfano wa msafiri anayefika kwenye kituo cha mpakani na pasipoti yake. Afisa anaiweka juu ya kisomeo, skrini inasita, kisha unatokea ujumbe mmoja tu wa kukataa. Kwa macho ya wote wawili jibu ni hapana. Lakini hapana hiyo inaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali kabisa.

Hapana ya kwanza ni ya kifaa chenyewe. Waya umelegea, umeme umeyumba, au kompyuta imesasishwa usiku na kiendeshi cha zamani kimeacha kuelewana nayo. Msafiri na hati yake hawahusiki kwa lolote.

Hapana ya pili ni ya mawasiliano. Kifaa kizima na kadi ni halali, ila havisikilizani. Huenda chipu imechoka, huenda kadi imepinda, au sehemu ya mguso imeshika kutu na uchafu.

Hapana ya tatu ni ya uhakiki. Kadi imesomeka vizuri, na taarifa zilizomo zimeonekana kuwa hazilingani, zimeghushiwa au zimefutwa. Hii peke yake ndiyo inayomhusu mwenye kadi, na ndiyo inayostahili kumfanya afisa auliza maswali zaidi.

Viwango vya kimataifa vinavyoongoza teknolojia hii vinatambua tofauti hizo. Kiwango cha CCID, kinachotumiwa na visoma kadi vingi vinavyochomekwa kwa njia ya USB, kina msimbo wake wa kadi iliyonyamaza na msimbo mwingine wa kifaa kilichoharibika. Kiwango cha ISO/IEC 7816, kinachoongoza kadi zenye chipu, kinaipa kadi yenyewe majibu ya kutoa: 9000 maana yake kazi imefanyika, na 6982 maana yake masharti ya usalama hayajatimizwa. Taarifa za kutenganisha hapana hizi tatu zinakuwapo ndani ya mashine. Zinapotea njiani, pale mtengenezaji wa mfumo anapokosa nyaraka za kiendeshi, au anapokuwa nazo bila kuzisoma, akaamua kuandika ujumbe mmoja wa jumla kwa hitilafu zote.

Hapo ndipo tatizo la kiufundi linapogeuka kuwa tatizo la haki. Mwananchi aliyekataliwa na waya uliolegea anatendewa kama aliyekataliwa na sheria.

Kwa nini Mtwara

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa Mto Ruvuma. Mpaka wa Tanzania na Msumbiji unapita katika mto huo, lakini undugu haukuishia kwenye maji. Wamakonde wanaishi pande zote mbili, wanaoana, wanazikana na wanafanya biashara. Huvukwa kwa vyombo vya majini katika maeneo kama Kilambo, na kwa Daraja la Umoja huko Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Katika mazingira ambayo lugha, majina na sura haviwezi kumtofautisha raia wa upande huu na wa upande ule, hati ndiyo inayosema. Mashine inaposhindwa kuisoma, shaka humwangukia mtu.

Historia ya eneo la Pwani ya Afrika Mashariki inatukumbusha uzito wa hati. Nchini Kenya, jamii ya Wamakonde ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi kwa miongo mingi bila vitambulisho vya taifa, hadi Serikali ya nchi hiyo ilipowatambua mwaka 2016. Kwao, kukosa kadi kulimaanisha kukosa akaunti ya benki, ajira rasmi na uhuru wa kusafiri. Mtu aliyekwisha kupata kadi asirudishwe katika hali hiyo kwa sababu ya kifaa kibovu.

Ipo pia sababu ya mazingira. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo ni maadui wa vyuma vidogo vya mguso vilivyomo ndani ya kisoma kadi. Nyaraka nzuri za kifaa hutaja kiwango cha joto na unyevu kinachoweza kuhimiliwa, na namna ya kusafisha sehemu za mguso. Kifaa kilichoundwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi kinaweza kufanya kazi vizuri siku ya majaribio mjini, kisha kikaanza kusuasua baada ya masika moja katika kituo kilicho kando ya mto.

Sababu ya tatu ni kazi za watu. Mtwara ni mkoa wa korosho, na ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Wabanguaji kwa mikono wanalijua hilo. Mkulima anayeshika jembe mwaka mzima na mvuvi anayevuta kamba za nyavu nao wana vidole ambavyo mistari yake imefifia. Vifaa vingi vya uhakiki huunganisha kisoma kadi na kisoma alama za vidole, hivyo waraka wa kifaa unapaswa kueleza afisa afanye nini pale kadi inaposomeka lakini kidole kikakataliwa. Usipoeleza, afisa atabuni, na kila kituo kitabuni kwa namna yake.

Umbali nao huongeza gharama. Kwa mkazi wa jirani na ofisi, kuambiwa arudi kesho ni usumbufu mdogo. Kwa aliyetoka kijiji cha mwisho cha delta kwa mtumbwi na bodaboda, kesho ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea.

Funzo kutoka Nigeria

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya nyaraka unatoka Nigeria. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 28, 2015, Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo ilitumia visoma kadi kuhakiki kadi za wapiga kura pamoja na alama zao za vidole. Katika baadhi ya vituo vifaa vilishindwa kufanya kazi. Miongoni mwa watu ambao vidole vyao havikusomeka alikuwa Rais wa nchi wakati huo, Goodluck Jonathan, akiwa kijijini kwake Otuoke, mbele ya kamera za dunia. Baadaye Tume ilieleza kuwa sehemu ya tatizo ilikuwa ndogo mno: utando wa plastiki unaolinda kioo cha kifaa kipya haukuwa umebanduliwa.

Hakuna mhandisi ambaye asingeweza kuandika sentensi moja ya kuelekeza utando ubanduliwe kabla ya matumizi. Swali ni kama sentensi hiyo iliandikwa mahali ambapo msimamizi wa kituo angeiona, kwa lugha anayoielewa, na kama kuna mtu aliyeketi mapema na waraka mkononi akafuata hatua moja baada ya nyingine ili kujua kilichosahauliwa. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kupitia nyaraka.

Nigeria inatupa funzo la pili, nalo ni la kutia moyo. Utaratibu wa uchaguzi ule ulikuwa na fomu maalumu ya kujazwa pale alama ya kidole inaposhindwa kusomeka, na matatizo yalipoenea Tume iliruhusu uhakiki wa kawaida kwa mkono mahali vifaa vilipogoma. Mpiga kura hakupoteza haki yake kwa sababu ya kifaa. Fomu ile ya karatasi ilikuwa sehemu ya mfumo sawa na chipu yenyewe.

Pasipoti: kanuni ipo, inapaswa kufika mezani

Kwa upande wa pasipoti, kanuni imekwisha kuwekwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303, linaeleza kuwa pasipoti ya kielektroniki ambayo chipu yake imeacha kufanya kazi inaendelea kuwa hati halali ya kusafiria. Afisa huihakiki kwa njia nyingine, kama anavyohakiki pasipoti isiyo na chipu.

Ndani ya waraka huo kuna jambo jingine lenye manufaa ya moja kwa moja. Katika utaratibu wa msingi wa ulinzi, chipu ya pasipoti haifunguki kwa kila kifaa kinachoikaribia. Kisomeo husoma kwanza mistari iliyochapwa chini ya ukurasa wenye picha, kikachukua namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha kikatengeneza ufunguo kutokana na taarifa hizo. Ukurasa ukiwa umelowa maji ya mto na herufi zimefifia, ufunguo hautapatikana na chipu itabaki kimya ingawa ni nzima. Mara nyingi suluhisho ni afisa kuandika taarifa hizo tatu kwa mkono katika mfumo. Afisa anayejua hivyo humaliza kazi ndani ya dakika moja. Asiyejua humweka msafiri pembeni kwa saa nyingi, akiamini kwa nia njema kwamba hati ina kasoro.

Mambo matano ya kukagua

Kupitia nyaraka za kiendeshi hakuhitaji mtaalamu wa kutengeneza chipu. Kunahitaji afisa TEHAMA mwenye subira, mtumishi atakayekitumia kifaa mezani, na maswali ya msingi.

Kwanza, je, waraka unataja kwa majina na matoleo mifumo ya kompyuta ambayo kiendeshi kimejaribiwa? Maneno kwamba kinafanya kazi na mifumo yote ya kisasa hayatoshi. Wasanidi wa kiendeshi huria cha CCID, kinachotumika sana kwenye kompyuta za Linux, wametoa mfano mzuri: orodha yao hutenganisha vifaa walivyovijaribu wenyewe, vinavyotarajiwa kufanya kazi bila kuwa vimejaribiwa, na visivyokubalika. Mnunuzi anajua anachokinunua.

Pili, je, kila msimbo wa hitilafu umeelezwa, pamoja na hatua ya kuchukua, kiasi cha kuzitenganisha zile hapana tatu?

Tatu, je, waraka unalingana na kifaa kilichomo ndani ya boksi? Mwandishi wa makala haya aliwahi kufika katika ofisi moja ambako kisoma kadi kilikuwa kimekaa kabatini kwa muda mrefu. Diski iliyoambatana nacho ilikuwa ya toleo la zamani la mfumo wa kompyuta, karatasi ya maelekezo ilihusu kifaa cha namba nyingine, na hakuna aliyejua taa ya rangi ya chungwa ilimaanisha nini. Kifaa kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni karatasi sahihi.

Nne, je, imeelezwa kiendeshi kitasasishwa vipi, na nani, kwa muda gani? Novemba 2017, Serikali ya Estonia ililazimika kusitisha vyeti vya kielektroniki vya kadi za utambulisho takriban 760,000 baada ya watafiti kubaini udhaifu katika chipu zilizotumika. Wananchi waliweza kusasisha kadi zao, wengi wakiwa nyumbani kwa kompyuta na visoma kadi vyao wenyewe, kwa kuwa programu na taratibu za kusasisha zilikuwapo. Nchi isiyojua ni toleo gani limesimikwa katika kituo gani haiwezi kuchukua hatua kama hiyo kwa haraka.

Tano, je, waraka unaeleza taarifa za mwananchi zinapita wapi na zinabaki wapi? Baadhi ya viendeshi huweka kumbukumbu za mawasiliano ili kusaidia mafundi kutafuta hitilafu. Kumbukumbu hizo zikiachwa wazi zinaweza kubeba taarifa binafsi za kila aliyepita mezani siku hiyo.

Sheria zinasemaje

Msingi wa kisheria wa kufanya kazi hii upo. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma, ikiwa ni pamoja na viwango vya kiufundi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inasimamia namna taasisi zinavyonunua, na zabuni hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Ni katika hatua ya kuandaa zabuni ambapo taasisi inaweza kuweka sharti kwamba nyaraka kamili za kiendeshi ziwasilishwe pamoja na sampuli ya kifaa. Mkataba ukishasainiwa na malipo kufanyika, nguvu ya kudai hupungua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa kiini cha mjadala huu. Pamoja na mambo mengine, inampa mwananchi haki zinazohusu uamuzi unaofanywa na mashine peke yake bila binadamu kuuangalia. Hapana ya kisoma kadi, ikichukuliwa kuwa neno la mwisho, inakaribia kuwa uamuzi wa namna hiyo. Waraka unaomwelekeza afisa kutazama sababu ya hapana, na kumpa njia mbadala ya uhakiki, humrudisha binadamu katika nafasi yake.

Lugha ya waraka

Nyaraka nyingi za vifaa hivi huja kwa lugha za kigeni. Kwa mhandisi aliyesomea fani hiyo si kikwazo kikubwa, lakini mtu anayekaa na kifaa kutwa nzima ni mtumishi wa dirishani. Huyo anahitaji ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili fasaha, iliyobandikwa ukutani, inayosema taa hii ina maana gani na ujumbe ule unahitaji hatua ipi.

Wanaodhani kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba maarifa ya kompyuta wakumbuke kuwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu hapo, na msamiati umekua. Kutafsiri misimbo michache ya hitilafu ni kazi ndogo kuliko ile.

Gharama na siri

Wapo wanaosema kuwa ukaguzi wa namna hii utachelewesha miradi. Ni kweli kwamba utachukua siku kadhaa. Siku hizo hutumika mara moja, kwa watu wachache, mezani. Usipofanyika, muda huohuo na zaidi hulipwa na wananchi mmoja mmoja katika foleni, wala hauingii katika hesabu za mradi wowote.

Wapo pia wazabuni wanaodai kuwa nyaraka za kiendeshi ni siri ya biashara. Hoja hiyo ina mipaka. Viwango vya CCID, ISO/IEC 7816 na waraka wa ICAO vimechapishwa, na usalama wa kadi haujengwi juu ya kuficha namna ya kuisoma, bali juu ya funguo zilizomo ndani yake. Mzabuni anayekataa kueleza maana ya misimbo ya hitilafu ya kifaa chake anaiomba taasisi inunue asichotaka kijulikane. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi naye ana nafasi yake. Kadi na pasipoti zitunzwe pakavu, zisikunjwe, na kwa wasafiri wa majini zifungwe katika mfuko usiopitisha maji. Kadi inaposhindwa kusomeka, ni halali kumuuliza afisa kwa heshima: je, tatizo ni kifaa, ni kadi, au ni taarifa zangu? Ni halali pia kuomba uhakiki kwa njia nyingine, na kuomba hitilafu iandikwe katika daftari la kituo pamoja na tarehe na saa. Daftari hilo, likisomwa na afisa TEHAMA kila mwezi, litaonyesha kama kadi za watu wengi zimeharibika kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni gumu kutokea, au kama ni kifaa kimoja kinachohitaji kusafishwa.

Mageuzi ya kidijiti yamekwisha kufika ukingoni mwa Ruvuma, na faida zake zinaonekana kwa kila anayehudumiwa kwa dakika chache badala ya siku. Yatadumu katika imani ya wananchi iwapo mashine itakaposema hapana, mtumishi aliye nyuma ya dirisha ataweza kueleza hapana hiyo imetoka wapi. Maelezo hayo huandaliwa mapema, kabla boksi la kwanza halijapakuliwa, na mtu aliyekubali kuketi na kusoma waraka hadi ukurasa wa mwisho.